Hesabu ya Vioo

Jumatano ndiyo siku ya kufungua maboksi,
nami, Ludvik Hanus, fundi vioo miaka thelathini na moja,
natoka kazini na puti chini ya kucha,
naingia dukani kwa Meng Lor, theluji mabegani.
Milwaukee yote imeganda; Meng anafuta kaunta kabla sijamwomba.
Anajua sisomi kama wengine.
Wengine hutazama misuli.
Mimi huhesabu madirisha.

Mwezi uliopita, Radi Nyekundu, toleo la nane:
kaingia benki kwa kupasua ukuta
ilhali mlango ulikuwa wazi. Tazama fremu ya pili, wazi kabisa,
hata kibao kimeandikwa KARIBU.
Kisha akatokea ghorofa ya kumi na nne.
Vioo mia mbili na kumi na viwili, vya tabaka mbili,
nilivihesabu kwa ncha ya penseli,
na ukurasa unaofuata jiji zima linapiga makofi.
Makofi! Januari! Upepo wa ziwani unawaingia
wahasibu wa watu hadi kwenye uboho,
nao wanapunga mikono.

Msinielewe vibaya. Radi nampenda
tangu nina miaka tisa na pengo mbele.
Ndiyo maana namsema.
Nisingempenda ningemnyamazia.

Bi Mwangwi wamemuua tena. Mara ya tatu.
Jalada jeusi, tone moja la rangi ya fedha, bei juu dola mbili.
Simlilii. Macho yangu si bomba la jikoni.
Atarudi kiangazi na nywele fupi, toleo namba moja,
majalada matano, hadithi ileile:
nguo tano, mwili mmoja,
na mwili wenyewe una homa.

Yule adui mpya, Daktari Chumvi, sawa, anataka kukausha maziwa yote,
lakini ndiye pekee kitabuni
anayefunga mlango nyuma yake.
Nikamwambia Meng: huyu ningempa kazi.
Meng akacheka mpaka miwani ikapata ukungu.

Sasa, toleo la tisa. La leo.
Mchoraji ni mpya, jina lake wameliandika kwa herufi za sisimizi.
Ukurasa wa kumi na saba Radi anahutubia juu ya haki,
viputo vinne vya maneno, vyote vimejaa hewa,
na nyuma ya bega lake
kuna kijitu.
Kimo chake punje ya mchele.
Yuko kwenye jukwaa la kamba, ghorofa ya kumi na nne,
kofia ya sufu, mgongo umepinda,
anatia kioo.

Nikasimama katikati ya duka
buti zikichuruzika maji.
Miaka hamsini nasoma mambo haya:
vita vya sayari, falme zilizozama,
mtu aliyeweza kuzungumza na kutu,
na hata mara moja hajawahi kutokea mtu
kesho yake asubuhi
na ngazi.

Nilinunua nakala tatu.
Ya kusoma, ya kuhifadhi, na ya binti yangu Renata
ambaye atasema, "Baba, hicho ni kidoa cha wino."
Huenda.
Ila sijaona kidoa kilichovaa glavu.

Nina lalamiko moja tu, nalo litakwenda kwa barua, yenye stempu.
Bwana au bibi mchoraji,
mkono wa kushoto haukai pale.
Kioo cha ukubwa ule, ukikishika hivyo
na upepo wetu ukakipiga ubavuni,
kinageuka tanga, kinaondoka na wewe.
Mkono wa chini ndio unaobeba. Wa juu unaongoza tu.
Na kamba ya kiunoni iko wapi? Sijaiona, hata kwa lenzi.
Mrekebishe toleo la kumi, tafadhali, kabla hawajaanza kupigana tena.
Humo ndani nimewahesabu wote, na mbwa nimemhesabu:
ni yeye peke yake asiyejua kupaa.